Maktau na Taveta: Jinsi ya Kusoma Makaburi ya Vita

Magari mengi ya barabara ya Voi kwenda Taveta hupita Maktau bila kupunguza mwendo. Ni kijiji kidogo chenye stesheni ya reli. Hata hivyo, hapo wamezikwa askari wa Kihindi waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na Taveta yako makaburi mengine ya kijeshi. Yote hutunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola.

Vita vilifika kwetu mapema. Agosti 1914 Wajerumani walivuka mpaka kutoka nchi ambayo leo ni Tanzania bara, wakaiteka Taveta. Kutoka huko walituma vikosi vidogo kulipua reli ya Mombasa hadi Nairobi. Waingereza nao wakajenga reli kutoka Voi mwaka 1915 na kuweka kambi Maktau. Tarehe 12 Februari 1916 wanajeshi wa Afrika Kusini walishambulia kilima cha Salaita wakarudishwa nyuma. Zaidi ya 130 kati yao waliuawa, walijeruhiwa au walipotea. Mwezi uliofuata Taveta ikakombolewa.

Ukiingia makaburini, anza na tarehe. Ukikuta mawe yenye tarehe moja, huenda hao waliangukia pigano moja. Ukikuta tarehe ya kipindi kisicho na mapigano, fikiria maradhi: malaria na kuhara damu viliua kupita risasi katika vita hivi. Kisha soma jina la kikosi, nalo litakuonyesha mtu alitoka wapi.

Halafu uliza ni nani hayupo. Jeshi lile lilikula na kupigana kwa migongo ya wapagazi. Magari yalikuwa machache, na wanyama wa mizigo walikufa kwa ndorobo. Vijana wa Kiafrika, wengi wao kwa kulazimishwa, walibeba unga na risasi hadi ndani kabisa ya nchi ya Mjerumani. Kikosi chao ndicho kilichoacha jina la Kariokor, Nairobi, na Kariakoo, Dar es Salaam. Walikufa kwa makumi ya maelfu, na wengi hawakuwekewa jiwe. Katika mnara wa askari kwenye barabara ya Kenyatta, Nairobi, mpagazi amechongwa, lakini hana jina.

Haikuwa bahati mbaya. Mwaka 2021 Tume hiyo yenyewe ilichapisha ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi walikuwa wa Afrika Mashariki na Misri. Ubaguzi ulichangia.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya kumbukumbu hii imo majumbani mwetu. Kama nyumbani kwenu husemwa kwamba babu wa babu alikwenda “kariakoo” asirudi, andikeni jina lake, la baba yake, la ukoo na la kijiji, pamoja na jina la mzee aliyesimulia. Medali ya zamani msiiuze kama chuma chakavu. Mara nyingi jina na nambari ya mwenyewe vimechongwa ukingoni.

Salaita bado ina mahandaki, na mvua huweza kufukua risasi au kombora. Usiliguse wala kulibeba, hata kama limeshika kutu. Weka alama mbali kidogo, zuia watoto na mifugo, kisha mwarifu chifu au kituo cha polisi kilicho karibu.