Kabla Hujakata Shamba Viwanja

Wadogo zangu, leo mapenzi na mawifi yapumzike kidogo, tuongee ardhi. Mavuno yakiisha, Kongwa unaanza msimu wa kuuza vipande. Mahindi yameshapelekwa soko la Kibaigwa, bei haikutosha ada na deni la mbolea, baba anakumbuka lile shamba la kando ya barabara. Na tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa vitendo mwaka 2016, wanunuzi hawakosekani. Wanashuka na gari, wanauliza ekari bei gani, wanapiga hatua ishirini kwa ishirini. Jioni karatasi imegongwa muhuri, majirani wawili wametia saini, hela zinahesabiwa chini ya mgunga.

Binti mmoja wa Pandambili ananiuliza: "Dada, marehemu babu alituachia ekari nne. Ndugu tumekubaliana tukate viwanja, vingine tuuze, kimoja nijenge fremu za maduka. Kaka anasema halmashauri kuna usumbufu, twende kwa mtendaji tu atuandikie. Unatushaurije?"

Mdogo wangu, kaka yako hajakosea kuhusu usumbufu. Upo. Lakini huo mwingine anaowatafutia ni mkubwa zaidi, na utawafikia wakati hela za viwanja zimeshaliwa.

Tuanze na huyo marehemu babu, maana umemtaja harakaharaka kisha ukampita. Je, mmefungua mirathi? Kama bado, hakuna kati yenu mwenye mamlaka ya kukata hata hatua moja. Kaeni kikao cha ukoo, mteue mtu, muhtasari upelekwe Mahakama ya Mwanzo pamoja na cheti cha kifo, mahakama imthibitishe msimamizi wa mirathi. Huyo ndiye atakayetia saini maombi. Ofisi ya ardhi ikikuuliza "wewe ni nani katika shamba hili," jibu la "mjukuu" halifungui faili. Nimeona familia zimekaa vizuri miaka kumi, mnunuzi wa kwanza alipokuja ndipo akajitokeza shangazi wa Mpwapwa ambaye hakuna aliyemwita kwenye kikao. Na shangazi alikuwa na haki yake.

Baada ya hapo ndipo linakuja swali ambalo watu wengi hawajiulizi: shamba lenu liko chini ya mkono wa nani? Tuna sheria mbili kubwa za mwaka 1999, Sheria ya Ardhi Namba 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5, zote zilianza kutumika tarehe 1 Mei 2001. Ardhi ikiwa ya kijiji, inasimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na mkutano mkuu wa kijiji una sauti yake katika ugawaji. Ikiwa imeingia kwenye eneo lililotangazwa kuwa la mipango miji, hapo inatawala Sheria ya Mipango Miji Namba 8 ya mwaka 2007, na mlango wako ni Halmashauri ya Wilaya. Pale Kibaigwa au Kongwa mjini unaweza kukuta shamba la mahindi limezungukwa na viwanja vilivyopimwa, mwenyewe akiapa bado ni shamba la kijiji. Macho hayatoshi hapo. Nenda Idara ya Ardhi ya wilaya, omba kuona mchoro wa mipango miji wa eneo lako kama upo. Huenda ukakuta hapo unapotaka kuuza kiwanja namba tatu pamechorwa shule.

Tuseme ni ardhi ya kijiji. Mtendaji mnayemtegemea ni katibu wa halmashauri ya kijiji. Anaandika, anatunza daftari, anaitisha vikao. Peke yake, hata na muhuri wake, si halmashauri. Halmashauri ya kijiji ina wajumbe kati ya 15 na 25, wanakaa, wanajadili, wanaandika muhtasari. Ninyi mnachokihitaji ni huo muhtasari: una tarehe, una orodha ya waliohudhuria na saini zao, unataja ajenda yenu kwa jina, unaeleza mipaka na majirani wa kila upande. Ombeni nakala, mkaiweke na vyeti vya shule. Ile karatasi ya "Mimi fulani nimemuuzia fulani" yenye muhuri inathibitisha kwamba mliuziana. Kama mlikuwa na ruhusa ya kugawa, haisemi.

Kisha ulizeni kama kijiji kina mpango wa matumizi bora ya ardhi. Huo ni mpango uliopitishwa na mkutano mkuu, unaosema hapa makazi, hapa kilimo, hapa malisho, hapa msitu. Shamba lenu likiwa upande wa kilimo na mnataka maduka na nyumba, kazi si kugawa peke yake, mnaomba kubadili matumizi. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu, hivyo ukiukosa wa mwezi huu unaweza kusubiri msimu mzima. Kama kipande kimegusa malisho, nawaomba muwe wapole. Wafugaji wetu hawana sehemu nyingine ya kupitisha ng'ombe Oktoba majani yakiwa yamekauka. Januari 2014 watu waliuawa kule Kiteto, jirani zetu wa kaskazini, kwenye ugomvi wa wakulima na wafugaji kuhusu eneo lililokuwa limetengwa. Mstari kwenye ramani ya kijiji ni jambo la uhai.

Mkitaka haki yenu iandikwe, ombeni hati ya haki miliki ya kimila. Sheria inaipa halmashauri ya kijiji siku 90 kutoa uamuzi tangu maombi yaliyokamilika yapokelewe. Neno "yaliyokamilika" lina hila, kwa hiyo peleka kila kitu kwa mara moja na uombe nakala yako igongwe "imepokelewa" na tarehe. Hati hiyo husainiwa na mwenyekiti na mtendaji, kisha ofisa ardhi wa wilaya anaiwekea saini na lakiri na kuisajili. Mwanakijiji anaweza kuipata bila ukomo wa muda. Dalali anayekwambia hati ya kimila ni karatasi ya wazee, muulize kwa nini anataka kununua shamba lako kabla hujaipata.

Sasa tuseme mmeenda wilayani mkaambiwa eneo limeshaingia kwenye mipango miji, na babu aliwahi kupata hati. Hapo safari ni ndefu kidogo na naomba mnisikilize vizuri, maana hapa ndipo hela hupotea. Barua ya maombi inaandikwa kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ya Wilaya ya Kongwa. Eleza kiwanja au shamba lilipo, ukubwa wake, matumizi ya sasa, mnachotaka na kwa nini. Ambatisha nakala ya hati, kitambulisho cha NIDA, barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi, na stakabadhi za kodi ya pango la ardhi. Pango hili ndilo linalokwamisha wengi: miaka sita halijalipwa, halafu mtu anashangaa faili halisogei. Kama hati imewekwa benki, benki nayo lazima iridhie kwa maandishi.

Mchoro wa mgawanyo usichorwe na mjomba mwenye rula. Mtafute mtaalamu wa mipango miji aliyesajiliwa. Atawaambia jambo ambalo hamtalipenda: ekari nne hazitoi viwanja mnavyovihesabu kichwani. Barabara zinakula ardhi, kila kiwanja lazima kifikike, na kuna kipimo cha chini ambacho kiwanja hakiruhusiwi kushuka. Ndiyo maana nasisitiza msipokee hata shilingi ya mnunuzi kabla ya mchoro kupita. Mkiuza viwanja kumi na viwili, mchoro ukatoa tisa, wale watatu mtawapeleka wapi? Kukata shamba kabla ya mchoro ni kukata kitambaa kabla ya kumpima mvaaji.

Wataalamu wa halmashauri wakishapitia, watakuja kuona eneo, na maombi yatapelekwa kwenye vikao, ikiwemo kamati ya madiwani ya uchumi, ujenzi na mazingira. Kwa kubadili matumizi utatakiwa pia kutangaza kusudio lako ili majirani walisome na waseme. Wengi wanauogopa huu utangazaji, wanatamani upite kimyakimya. Mimi naupenda. Jirani akipinga leo kuhusu mashine ya kusaga itakayonguruma usiku, mnaweza kukubaliana saa za kazi. Akipinga baada ya mashine kufungwa, mtakutana barazani. Mtembelee kabla hajasoma bango, msalimie, mweleze, kunywa chai yake. Mkishakubaliwa na mchoro ukaidhinishwa, mpima mwenye leseni anaweka bikoni, ramani ya upimaji inaidhinishwa, hati ya zamani inasalimishwa, kisha kila kiwanja kinaombewa hati yake. Kila hatua ina malipo. Lipa kwa kontroo namba peke yake, na uangalie jina la taasisi kabla hujabonyeza. Ofisa akikupa namba yake ya simu ya kupokelea pesa, mshukuru, nenda kwa bosi wake.

Nimeulizwa pia kuhusu ile "asilimia kumi ya mwenyekiti". Hakuna sheria ya ardhi inayompa mwenyekiti wa kijiji au mtaa asilimia 10 ya bei ya shamba lako. Kama kijiji kina mchango uliopitishwa kihalali, utapewa stakabadhi.

Binti wa fremu, neno lako la pekee. Uko kando ya barabara kuu ya Dodoma na Morogoro, sivyo? Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inahifadhi mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kuu. Pima kutoka katikati ya lami, usianzie ukingoni. Fremu zako zikiingia ndani ya hizo mita, muhtasari wa kijiji hautakuokoa siku TANROADS wakija na rangi ya X. Na mpangaji wako akitaka kuweka kituo cha mafuta, jua kwamba hapo kuna masuala ya mazingira na NEMC, na mazungumzo ni mengine kabisa.

Nyie mnaosema taratibu hizi ni za kutuchelewesha watu wa Ugogo, kumbukeni nani aliwahi kubadili matumizi ya ardhi hapa kwa haraka. Mwaka 1946 ujumbe wa Waingereza ulioongozwa na Wakefield ulipita wiki chache, sehemu ya muda wake angani kwenye ndege, ukaandika kwamba karanga zitastawi. Mwaka uliofuata matrekta yakaanza kung'oa vichaka Kongwa. Udongo wa mfinyanzi ukawa mgumu kiangazi mpaka majembe ya mashine yakashindwa, mvua ikakataa. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikafuta mpango wote, zaidi ya pauni milioni 30 zikiwa zimeshateketea, na sehemu ya ardhi ile ikabaki kuwa malisho ya ng'ombe. Bibi yeyote wa Kigogo aliyepanda uwele angewaambia habari za mvua yetu bure.

Maombi yakikataliwa, dai sababu kwa maandishi. Mara nyingi ni jambo la kurekebisha: barabara nyembamba, saini ya mrithi mmoja inakosekana, kiwanja kimoja kidogo mno. Kama tatizo ni mgogoro wa mpaka au umiliki, anzieni baraza la ardhi la kijiji, lina wajumbe saba na watatu kati yao lazima wawe wanawake. Baraza la kata kwa sasa linapatanisha tu, halihukumu, tangu marekebisho ya mwaka 2021. Likishindwa ndipo mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya mkiwa na uthibitisho wa kwamba upatanishi ulijaribiwa.

Nimeliacha mwisho jambo la wanawake kwa sababu najua mkiwa mnasoma mmechoka ndipo hili linapitwa, na mimi sitaki lipitwe. Wakati wa kugawa, wanaume watapendekeza viwanja viandikwe majina ya kaka, "dada zetu wataolewa." Sheria ya Ardhi ya Vijiji inasema wazi kwamba mila inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi haina nguvu ya kisheria. Na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mume kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mkewe. Kwa hiyo siku ya kikao cha ukoo, uwepo mwenyewe, usitume salamu. Ukiombwa kusaini kwenye safu ya mashahidi, rudisha kalamu na uulize safu ya wamiliki iko ukurasa gani.