Tippu Tip: Mfanyabiashara Aliyetuachia Tawasifu

Wanafunzi wa fasihi aghalabu huanza somo la tawasifu ya Kiswahili kwa Shaaban Robert na Maisha Yangu. Hata hivyo, nusu karne hivi kabla ya kazi hiyo kulikuwa tayari na tawasifu nyingine, iliyoandikwa na mtu ambaye soko lilimjua kabla ya fasihi kumjua. Huyo ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa lakabu ya Tippu Tip, aliyezaliwa Unguja katika miaka ya 1830 na kufariki huko huko mwaka 1905. Makala haya yanashikilia kuwa uandishi wake hauwezi kutenganishwa na biashara yake. Lugha ya kitabu chake ni ya daftari la hesabu, na humo ndimo zilimotoka nguvu zake na dosari zake.

Anatusimulia kwamba alianza safari za biashara akiwa na umri wa miaka 12, akichuuza sandarusi. Baadaye alifuatana na babake hadi Unyamwezi, kisha akajitegemea kwa bidhaa za mkopo kutoka kwa matajiri wa Unguja, akiwemo Taria Topan. Mwaka 1867 alimshinda mtawala Nsama wa Itabwa na kujipatia shehena kubwa ya pembe za ndovu. Ulipofika mwaka 1887 mfanyabiashara huyu alikuwa gavana wa Stanley Falls katika Dola Huru ya Kongo, akilipwa mshahara na serikali ya Mfalme Leopold. Cheo hicho hakikudumu. Katika miaka ya mwanzo ya 1890 alirejea Unguja kwa kudumu.

Huko ndiko alikoombwa na Mjerumani Heinrich Brode aandike habari za maisha yake. Aliandika kwa Kiswahili, kwa hati za Kiarabu. Brode akayanakili maandishi hayo kwa hati za Kirumi na kuyachapisha pamoja na tafsiri ya Kijerumani mnamo 1902 na 1903. W. H. Whiteley naye aliyatafsiri kwa Kiingereza baadaye.

Mwanafunzi wa isimu atavutiwa mara moja na matumizi ya kiambishi -ka-. Matukio yanafuatana bila kupumua: wakasafiri, wakapigana, wakapata, wakauza. Hakuna maelezo marefu ya mandhari wala ya moyo wa msimulizi. Pembe, kwa upande mwingine, zinapimwa kwa frasila, na madeni yanakumbukwa miaka mingi baadaye. Hata Stanley, msafiri aliyemsindikiza mwaka 1876, analalamikiwa kama mdeni asiyetimiza ahadi.

Watu waliotekwa nao aghalabu hawana majina. Wanatajwa kwa idadi, au wanapita tu nyuma ya pembe walizozibeba. Kuna wenzetu wanaosema kwamba kwa sababu hiyo kitabu hiki hakistahili kusomeshwa. Hoja yao ni nzito, kwani mwandishi alifanya biashara ya watu na hatuoni popote akijuta. Mimi naona kwamba kukiacha ni kuuacha ushahidi mikononi mwa wengine, kwa lugha nyingine.

Tutazame kisa cha Utetera. Tippu Tip alipata habari kwamba jamaa za kike wa mtawala wa huko, Kasongo Rushie, walikuwa wametekwa zamani. Akajitokeza na kudai kuwa bibi yake mzaa mama ni mmoja wao, hivyo yeye ni mjukuu wa nyumba hiyo. Mzee akamkubali, akamwachia utawala, na pembe zikafuata. Msimulizi anatueleza hila hii bila haya yoyote, kama mchuuzi anayesimulia jinsi alivyopata faida. Katika kitabu ambamo mateka hawasemi, mateka mwanamke amegeuzwa kuwa mtaji, na mtaji huo ni simulizi tupu.

Tusisahau pia kwamba misafara ya aina hii ndiyo iliyokifikisha Kiswahili Kasongo na Nyangwe, ambako kilizaa lahaja ya Kingwana. Waliokieneza hawakuwa matajiri peke yao. Walikuwamo wapagazi na mateka waliojifunza lugha hii njiani, na ambao hakuna Brode aliyewaomba waandike.