Somo la Lishe: Mboga za Masika Zisipotelee Jikoni

Mvua za masika zimekwisha na upepo wa kusi unavuma. Huu ndio wakati ambapo mashamba mengi ya Kilifi, kutoka Kaloleni na Rabai hadi Magarini, hutoa mboga kwa wingi. Majani ya kunde, mchicha, mnavu, mabamia, biringani, malenge na mahindi mabichi yanapatikana sokoni na hata nyuma ya nyumba. Bei ya fungu hushuka, na muuzaji akiona jioni imefika hukuongeza la bure.

Wingi huu haudumu. Ifikapo Januari na Februari, jua la kaskazi likiwa limekausha mashamba, fungu lile lile huwa dogo na ghali, na nyumba nyingi hurudi kwenye sima na chumvi au sima na chai. Kwa hiyo mambo mawili ni muhimu sasa: kupika mboga hizi kwa njia ambayo mwili utapata faida yake, na kuweka akiba ya kiangazi. Somo hili linaeleza yote mawili kwa kutumia jiko la makaa au kuni, sufuria na vitu ambavyo tayari viko nyumbani.

1. Thamani ya mboga hupotelea wapi?

Mboga inaweza kutoka shambani ikiwa nzuri na kufika sahanini ikiwa imebaki rangi tu. Njia zinazoipunguzia thamani ni hizi:

*Kukata kabla ya kuosha.* Vitamini C na folate huyeyuka katika maji. Ukikata majani kwanza, kisha ukayaloweka, vitamini hizo hutoka na kumwagwa pamoja na maji. Osha majani yakiwa mazima, kisha ukate.

*Kuchemsha sana na kumwaga maji.* Moto wa muda mrefu huharibu vitamini C na folate. Folate ni muhimu kwa mama mjamzito, hasa katika wiki za mwanzo, kwa sababu husaidia ubongo na uti wa mgongo wa mtoto kuumbika vizuri. Mchicha unahitaji dakika tano tu. Tumia maji kidogo, na yale yanayobaki yafanye mchuzi.

*Kutia magadi.* Magadi hulainisha majani haraka na kuyafanya yawe ya kijani kibichi, lakini huharibu vitamini. Badala yake chuma majani machanga, ambayo hulainika yenyewe.

*Kupika bila mafuta kabisa.* Mchicha, majani ya kunde na malenge yana viini ambavyo mwili hugeuza kuwa vitamini A, inayolinda macho na kusaidia mwili kupigana na maradhi. Mwili hauwezi kuvichukua vizuri pasipo mafuta. Kijiko cha mafuta au tui la nazi kinatosha.

*Kunywa chai pamoja na chakula.* Madini ya chuma yaliyo katika mboga za majani si rahisi kwa mwili kuyachukua, na chai huyazuia zaidi. Chai inywe angalau saa moja kabla au baada ya mlo. Ndimu, chungwa, embe au nyanya mbichi hufanya kinyume: husaidia mwili kuchukua chuma hicho.

Mboga zenye masharti yake

Kisamvu ni tofauti na mboga nyingine. Majani ya muhogo yana sumu ya asili, hivyo hayaliwi mabichi. Yatwange vizuri katika kinu, kisha uyachemshe kwa maji mengi, sufuria ikiwa wazi, kwa muda usiopungua nusu saa na mpaka yalainike kabisa. Hapa usiharakishe ili kuokoa vitamini.

Kwa mnavu, tumia majani tu na uache matunda mabichi ya kijani. Mchunga, ambao Wamijikenda wengi huuita mutsunga, huwa mchungu. Badala ya kumwaga maji mara mbili au tatu, uchanganye na mchicha au majani ya malenge, kisha umalizie kwa tui. Uchungu hupungua na mboga hubaki na nguvu yake.

2. Kununua na kuosha

Chagua majani yasiyonyauka wala kuwa na manjano. Bamia nzuri huvunjika ncha kwa kidole. Ikipinda bila kuvunjika, imekomaa na itakuwa na nyuzi. Biringani liwe zito na ngozi yake ing'ae. Mboga za majani zinunuliwe siku ile ile zitakapopikwa. Zikibidi kulala, zifunge kwa kitambaa chenye unyevu na uziweke kivulini.

Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kuanza. Osha mboga kwa maji safi yanayotiririka, au katika karai mara mbili au tatu ukibadilisha maji mpaka mchanga uishe. Maji ya kisima au bwawa yasiyotibiwa yanaweza kuleta kuhara, hasa mboga ikiliwa mbichi kama kachumbari. Kwa kachumbari, tumia maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa.

Mkulima naye ana sehemu yake. Kila dawa ya kunyunyiza ina siku za kusubiri kabla ya kuvuna, nazo zimeandikwa kwenye chupa au pakiti. Nyanya iliyonyunyiziwa jana isiuzwe leo. Kuosha hupunguza dawa iliyo juu ya ngozi, lakini hakuiondoi yote.

3. Milo mitatu

Vipimo vifuatavyo vinatosha watu watano. Kikombe ni kile cha chai cha kawaida.

Mlo wa kwanza: Majani ya kunde na mchicha wa nazi

Unahitaji: mafungu 2 ya majani machanga ya kunde, mafungu 2 ya mchicha, nazi 1, nyanya 2, kitunguu 1, nusu kijiko cha chai cha chumvi, na ndimu 1.

1. Kuna nazi kwa mbuzi. Kamua kwa kikombe 1 cha maji ya uvuguvugu upate tui zito, uliweke kando. Kamua tena kwa kikombe 1 upate tui jepesi.
2. Teleka tui jepesi pamoja na kitunguu, nyanya na chumvi. Koroga mpaka lichemke.
3. Tia majani ya kunde, funika na uache dakika 10.
4. Tia mchicha, pika dakika 3 hadi 5.
5. Mimina tui zito, punguza moto na ukoroge taratibu dakika 2 au 3. Likichemka kwa nguvu litakatika.
6. Epua. Kila mtu akamulie ndimu sahanini mwake.

Huliwa kwa sima au wali. Ukiwa na dagaa, waoshe na uwatie pamoja na majani ya kunde. Huongeza chuma na chokaa ya mifupa.

Mlo wa pili: Mchuzi wa biringani, bamia na pojo

Unahitaji: kikombe 1 cha pojo, biringani 2, bamia 15 hivi, nyanya 3, kitunguu 1, pilipili hoho 1, vijiko 2 vya chakula vya mafuta, chumvi kidogo na dania.

1. Chambua na kuosha pojo. Zichemshe kwa vikombe 4 vya maji mpaka zilainike lakini zisipondeke. Usimwage maji yake.
2. Katika sufuria nyingine au kikaango, kaanga kitunguu kwa mafuta mpaka kilainike tu. Tia nyanya na ufunike ziive.
3. Kata biringani vipande vya ukubwa wa kidole gumba, bila kumenya. Tia katika nyanya, koroga, funika dakika 7.
4. Kata vichwa vya bamia na uziache nzima ili zisitoe utelezi mwingi. Ziongeze pamoja na pilipili hoho, pika dakika 7 tena.
5. Mimina pojo na maji yake. Onja chumvi, acha ichemke kidogo, epua na unyunyize dania.

Mlo huu unafaa siku ambayo hakuna nyama wala samaki. Pojo hujenga mwili, na zikiliwa pamoja na wali, mahindi au mtama, chakula kimoja hukamilisha upungufu wa kingine.

Mlo wa tatu: Malenge, mahindi mabichi na kunde mbichi

Unahitaji: vikombe 2 vya punje za mahindi mabichi, kikombe 1 cha kunde mbichi zilizoambuliwa, robo ya malenge la wastani, nazi nusu, kitunguu 1 na chumvi kidogo.

1. Chemsha mahindi na kunde kwa maji yanayozifunika, dakika 30 hivi, mpaka zilainike.
2. Menya malenge, ukate vipande na utie juu pamoja na kitunguu. Funika dakika 15.
3. Tia tui zito na ukoroge kwa moto mdogo dakika 3.
4. Kabla ya kutia chumvi, toa sehemu ya mtoto mchanga. Kisha ukoleze sehemu iliyobaki.

Usitupe mbegu za malenge. Zioshe, zianike, kisha uzikaange bila mafuta ziwe vitafunio vya watoto wakubwa. Majani machanga ya malenge nayo ni mboga: ondoa nyuzi zake na uyapike kama mchicha.

4. Akiba ya kiangazi

Majani ya kunde hukauka vizuri kuliko mboga nyingi, na wazee wetu waliyatunza hivyo tangu zamani. Fanya hivi wakati bado ni mengi na ya bei nafuu:

1. Chambua na kuosha majani yakiwa mazima.
2. Yatumbukize katika maji yanayochemka kwa dakika 2 hadi 3, kisha uyatoe na kuyachuja.
3. Yatandaze kwa safu nyembamba juu ya ungo au meza ya waya iliyoinuliwa kutoka chini, mahali penye kivuli na upepo. Jua kali la moja kwa moja hupunguza vitamini A.
4. Yafunike kwa kitambaa chepesi kisafi ili nzi na vumbi visiingie. *Usitumie chandarua cha mbu chenye dawa.*
5. Yageuze mara kwa mara, na uyaingize ndani jioni au mvua ikitishia.
6. Yakivunjika yakikunjwa kwa vidole, yamekauka. Kwa kawaida huchukua siku 2 hadi 4.
7. Yahifadhi katika kopo au mtungi mkavu wenye kifuniko cha kubana, mahali pasipo na mwanga. Yakionyesha ukungu, yatupe yote.

Siku ya kupika, yaloweke katika maji ya uvuguvugu kwa dakika 20, kisha uyapike kwa nazi kama katika mlo wa kwanza. Vitamini C huwa imepungua sana, kwa hiyo ongeza ndimu au tunda mezani.

5. Kwa wenye mahitaji maalumu

*Watoto.* Mtoto akitimiza miezi 6, anza kumpa vyakula laini huku akiendelea kunyonya mpaka miaka 2 au zaidi. Mponde malenge na kunde zilizoiva sana, ondoa maganda magumu, ongeza tui kidogo, bila chumvi wala sukari. Uji mtupu wa mahindi hushibisha, lakini haumtoshi mtoto.

*Wajawazito.* Mboga za majani ni muhimu, ila hazichukui nafasi ya tembe za chuma na folate zinazotolewa kliniki. Tumia zote mbili.

*Wenye shinikizo la damu.* Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, tukihesabu pia chumvi iliyo katika mkate na viungo vya pakiti. Ndimu, dania, tangawizi na kitunguu saumu hukoleza bila kuongeza chumvi.

Shirika hilo pia linashauri angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa mtu kila siku. Njia rahisi ya kukadiria ni kuhakikisha nusu ya sahani ni mboga na matunda, robo ni sima, wali au muhogo, na robo ni kunde, pojo, samaki, mayai au nyama.

Jipime

1. Kwa nini majani huoshwa kabla ya kukatwa?
2. Ni mboga gani katika somo hili ambayo lazima itwangwe na kuchemshwa sana?
3. Kwa nini ndimu hukamuliwa juu ya mboga, na chai huahirishwa?
4. Ni kitu gani kisichofaa kufunikia mboga zinazokaushwa, na kwa nini?

Jibuni maswali haya pamoja nyumbani, na watoto wakiwemo. Ukiona mtoto anajikwaa gizani jioni, amepauka viganja na midomo, au anakonda, usingojee mboga pekee zimtibu. Mpeleke katika zahanati iliyo karibu, au umwone mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako. Kuhusu mbegu na upandaji wa mboga kwa mvua za vuli, muone afisa wa kilimo wa wadi yako kabla ya Oktoba.