UJI WA MASOSO

Kijana mmoja wa darasa la tatu alikuwa akisinzia kila siku saa nne ya asubuhi. Mimi nilimdhani mvivu. Nilimkaripia, nikamsimamisha mbele ya wenzake. Kesho yake alisinzia tena. Mwishoni nikamwuliza: «Mwanangu, leo umekula nini?» Akajibu: «Furere, nimekunywa chai.» — «Yenye sukari ngapi?» — «Vijiko vinne.» — «Na chakula?» Akanyamaza. Basi nikaona haya, kwa maana kosa halikuwa lake.

Watoto, sukari ni kama majani makavu motoni: yanawaka mara moja, na mara yanazimika. Mtu aliyekunywa chai ya sukari tupu anapata nguvu ya njiani, lakini akiisha kukaa darasani njaa inamrudia. Tena sukari nyingi inaozesha meno. Mwaka 2015 O.M.S. iliwashauri watu wapunguze sukari. Ikiwezekana mtu mzima asipite gramu 25 kwa siku, ndiyo vijiko sita vidogo. Kijana wetu alikuwa amekunywa vinne kabla jua halijapanda!

Huku Kivu tuna chakula kinachokaa tumboni kama gogo la mti mgumu linavyokaa motoni. Ni uji wa masoso. Jina hilo limetoka katika maneno matatu ya Kifaransa: maïs, sorgho, soja, yaani mahindi, mtama na soya. Mahindi na mtama vinatupa nguvu ya kutembea na kulima. Soya inajenga mwili: katika gramu 100 za soya kavu mna karibu gramu 36 za protini, na katika mahindi karibu 9 tu. Mtoto aliyeachishwa ziwa, akilishwa muhogo tupu siku zote, anaweza kushikwa na bwaki: miguu inavimba, nywele zinageuka rangi, hataki kucheza. Huyo apelekwe hospitali upesi. Uji peke yake hautamponya. Lakini ndugu yake aliye mzima anywe uji huu mapema.

Namna ya kuutengeneza ni hii. Pima makopo mawili ya mahindi, moja la mtama, moja la soya. Chagua vizuri, na punje yenye ukungu itupe, hata kama ni chache, kwa sababu ukungu wa mahindi una sumu ambayo moto hauimalizi. Osha, anika juani.

Sasa angalia sana soya. Soya mbichi inasumbua tumbo, na mwili haupati faida yake. Itie katika maji yanayochemka, ichemke dakika 20, ikauke tena, kisha ikaange kwa moto mdogo mpaka iwe na rangi ya kahawia na harufu nzuri. Mahindi na mtama vikaange kidogo, kila kimoja peke yake, maana haviivi pamoja. Twanga au peleka kwenye mashine, chekecha, na uweke unga katika kopo kavu lenye kifuniko. Usitengeneze wa miezi: unga wa soya una mafuta, nao ukikaa sana unachacha.

Asubuhi koroga kikombe kimoja cha unga na maji baridi kwanza, usifanye madonge. Mimina katika maji yanayochemka. Maji yote yawe vikombe vitano. Koroga dakika 15, tia chumvi kidogo. Kwa utamu, ponda ndizi mbivu ndani yake. Wengine watasema uji bila sukari ni wa wagonjwa. Hao hawajauonja wenye ndizi!

Mama wa kijana yule alikubali kujaribu, na pesa ya sukari akanunulia soya. Siku hizi saa nne kijana hasinzii, ila anaongea mno na jirani yake.

MAULIZO. — Kwa nini kijana alisinzia? Jina masoso limetoka wapi? Soya inafanywa nini kabla ya kutwangwa? Leo asubuhi wewe umekula nini?