Chumvi, Figo na Homoni Inayopandisha Presha

Mwaka 1954, katika mji wa Ann Arbor nchini Marekani, Dkt. Jerome Conn alikutana na mwanamke wa miaka 34 aliyeishiwa nguvu za misuli na kusumbuliwa na mikazo. Presha yake ilikuwa juu na potasiamu katika damu imeshuka mno. Conn alizishuku tezi mbili ndogo zinazokaa juu ya figo. Upasuaji ulipofanyika, moja ilikutwa na uvimbe. Ulipoondolewa, mgonjwa akapata nafuu kubwa.

Uvimbe ule ulikuwa ukimwaga homoni iitwayo aldosteroni. Homoni hii huziamuru figo zirudishe chumvi kwenye damu na kutoa potasiamu kwa mkojo. Chumvi ikibaki, maji nayo hubaki, damu huongezeka na presha hupanda. Kwa kawaida mtu akila chumvi nyingi, mwili hupunguza aldosteroni na ziada ikatoka. Lakini wapo ambao homoni yao haishuki inavyopaswa, hata bila uvimbe. Hao ndio chumvi huwadhuru zaidi.

Athari ya chumvi ilionekana pia nchini Kenya, ambako watafiti waliwafuatilia Waluo waliotoka vijijini magharibi mwa nchi kwenda kuishi Nairobi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1990 yalionyesha presha ikianza kupanda miezi michache tu baada ya kuhama. Mkojo wao ulikuwa na sodiamu, madini yaliyomo kwenye chumvi, nyingi na potasiamu kidogo kuliko ya wenzao waliobaki nyumbani. Chakula cha mjini kilikuwa kimeshaanza kazi.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale chumvi chini ya gramu 5 kwa siku, yaani isiyofika kijiko kimoja cha chai. Hesabu hiyo inajumuisha chumvi iliyojificha kwenye mkate, vidonge vya kuungia mchuzi na samaki wa ng'onda. Kopo la chumvi lisikae mezani. Maharage, mchicha, ndizi na viazi vitamu huleta potasiamu, ambayo husaidia kushusha presha. Ila mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari kwanza, kwani potasiamu ikizidi ni hatari kwa moyo.

Mtu anayemeza dawa tatu za presha kila siku, na bado haishuki, asikate tamaa wala asiache dawa. Aombe kupimwa aldosteroni na renini, kimeng'enya cha figo kinachochochea homoni hiyo. Tatizo likiwa hapo, zipo dawa za kuizuia homoni hiyo, kama spironolaktoni, na wengine hupona kwa upasuaji.