Nani Yuko Mlangoni? Haki ya Kulinda Nyumba na Wajibu wa Kuhakikisha



Ndugu zangu, darsa la toleo hili limetokana na usiku mmoja wa muhula uliopita. Nilikuwa nimepanga nyumba na wenzangu watatu, nje kidogo ya chuo. Saa nane usiku tukasikia geti linagongwa, kisha mlango wa mbele. Sauti ikasema, "Fungueni! Polisi!"

Wiki moja kabla, nyumba ya mtaa wa pili iliingiliwa na watu wanne waliosema maneno hayo hayo. Waliifunga familia kamba, wakaondoka na simu na kompyuta. Basi mwenzetu mmoja alikwenda jikoni, akachukua panga, akasimama nyuma ya mlango. Akaninong'oneza, "Wa kwanza kuingia namkata."

Mimi niliwasha taa ya nje, nikauliza kwa sauti kubwa: "Nyinyi ni akina nani, na mmetoka kituo gani?" Hawakujibu. Wakazidi kugonga. Mwenzetu mwingine akampigia simu mwenyekiti wa LC1, mzee anayekaa nyumba ya nne kutoka kwetu. Mzee akafika na tochi yake, kanzu ameivaa juu ya suruali. Alipowauliza yeye, ndipo mmoja wao akatoa kitambulisho. Walikuwa askari kweli, wamevaa nguo za kiraia, wanamtafuta mtu aliyepanga nyumba ile kabla yetu. Wakaangalia vitambulisho vyetu vya chuo, wakaondoka.

Baada ya swala ya alfajiri, mwenzangu wa panga akaniuliza: "Wewe unasoma sheria. Wangevunja ule mlango nikamkata mmoja, ningekuwa muuaji au mtu aliyelinda nyumba yake?" Sikuwa na jibu kamili. Tangu siku hiyo nimekuwa nikilitafuta, na haya ndiyo niliyoyapata.

Nyumba ina heshima yake

Katika Suratun Nur, aya ya 27 na 28, Allah (s.w.) anatukataza kuingia nyumba zisizo zetu mpaka tuombe ruhusa na kuwasalimu wenyewe, na tukiambiwa turudi, turudi. Amri hii haikumtoa mwenye cheo. Bukhari na Muslim wamepokea kisa cha Abu Musa al-Ash'ari aliyebisha hodi kwa Umar (r.a.) mara tatu, na alipokosa jibu akaondoka, kwa kuwa hayo ndiyo mafundisho ya Mtume (s.a.w.).

Kuna hadithi nyingine fupi ambayo sikuwahi kuizingatia mpaka usiku ule. Jabir (r.a.) alibisha mlango wa Mtume (s.a.w.). Akaulizwa ni nani, akajibu kwamba ni yeye, bila kutaja jina. Mtume (s.a.w.) hakulipenda jibu hilo. Wanazuoni wanaeleza sababu: jibu hilo halimtambulishi aliyeko mlangoni. Sasa tujiulize: mtu anayesema "Polisi!" gizani, bila jina, bila kituo, bila kitambulisho, ametutambulisha nini? Neno hilo hata jambazi analijua.

Imam Ghazali katika Ihya anasimulia kisa cha Umar (r.a.), naye wakati huo ni khalifa, aliyepanda ukuta wa nyumba akamkuta mtu katika maasi. Alipomkemea, yule mtu akamjibu kwamba yeye amekosa jambo moja, lakini Khalifa amekosa matatu: amepeleleza, ameingia pasipo mlangoni, na hakuomba ruhusa wala kutoa salamu. Umar akakubali hoja, akamsamehe kwa ahadi ya kutubu. Funzo lake ni wazi: mwenye mamlaka naye hupita mlangoni.

Haki ya kujitetea na mipaka yake

Haki yenyewe haina shaka. Hadithi sahihi inamhesabu anayeuawa akitetea mali yake kuwa shahidi, na riwaya nyingine zinataja nafsi, dini na familia. Katika Sahih Muslim kuna mtu aliyemuuliza Mtume (s.a.w.) afanyeje akijiwa na mtu anayetaka kumpora. Akaambiwa asimpe, na akipigwa vita naye apigane.

Lakini mafaqihi hawakuiacha haki hii bila kipimo. Mvamizi wanamwita *saail*, na Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu cha madhehebu yetu ya Shafii, anaweka kanuni ya kuanza na jepesi. Ikiwa maneno au kuita msaada kunatosha kumzuia, kumpiga ni haramu. Mkono ukitosha, fimbo hairuhusiwi. Fimbo ikitosha, upanga hauruhusiwi. Na akikimbia, hafukuzwi ili auawe, kwa sababu lengo ni kuzuia shari, si kulipiza kisasi.

Kwa kipimo hiki, panga la mwenzangu lilikuwa limeruka ngazi kadhaa. Alikuwa ameamua kukata kabla hatujauliza, hatujapiga kelele na hatujaita jirani.

Je, aliyekuja akiwa ni mtu wa dola?

Hapa ndipo penye uzito. Sahih Muslim inataja mzozo kati ya Abdullah bin Amr bin al-As (r.a.) na Anbasa bin Abi Sufyan, aliyekuwa mtawala chini ya Muawiya. Ibn Hajar katika Fat'hul Bari anaeleza kuwa mtawala alitaka kubomoa ukuta wa familia ya Amr ili kupitisha mfereji wa maji. Abdullah na watu wake wakashika silaha. Alipoonywa, alitoa hoja kwa hadithi ile ile ya anayeuawa akitetea mali yake. Kwa hiyo sahaba huyu hakuona kwamba cheo peke yake kinahalalisha kumwingilia mtu katika milki yake.

Upande wa pili, Ibn Hajar huyo huyo ananakili maneno ya Ibn al-Mundhir kwamba wanazuoni wa hadithi karibu wote wanamtoa mtawala katika kanuni hii, kwa sababu ya hadithi zinazoamrisha subira juu ya dhulma yake. Waliogopa damu itakayomwagika, ambayo huwa nyingi kuliko haki inayookolewa.

Mimi si mufti, na sitoi fatwa. Ninachokiona ni kwamba kauli zote mbili zinamzungumzia mtu ambaye anamjua aliye mbele yake. Abdullah bin Amr alijua kuwa anapambana na mtawala. Sisi usiku ule hatukujua. Na asiyejua ameamrishwa jambo moja kabla ya yote, nalo liko katika Suratul Hujurat, aya ya 6: kuhakikisha, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta.

Sheria ya Uganda inasemaje

Katiba ya mwaka 1995, ibara ya 27, inakataza upekuzi usio halali wa mwili, nyumba au mali ya mtu, na inakataza kuingia kwake kinyume cha sheria. Ibara ya 23 inataka anayekamatwa aelezwe papo hapo sababu, kwa lugha anayoielewa, na haki yake ya kuwa na wakili. Jamaa zake wajulishwe akiomba, na afikishwe mahakamani ndani ya saa 48.

Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai inampa askari uwezo wa kuvunja mlango ili kumkamata mtu, lakini kwanza atangaze mamlaka yake na kusudi lake, na aombe kufunguliwa. Kanuni hii tumeirithi kwa Waingereza, ambao mahakama yao iliisema tangu mwaka 1604 katika kesi ya Semayne. Sheria hiyo hiyo inamtaka mwenye nyumba amruhusu kuingia askari aliyejitambulisha na mwenye mamlaka halali. Haki na wajibu vinakwenda pamoja.

Kuhusu kujitetea, Kanuni ya Adhabu inamwondolea kosa anayetumia nguvu ya kiasi kuzuia shambulio lisilo halali juu ya mwili au mali yake. Tena ina kifungu juu ya kukosea ukweli wa jambo. Mtu akitenda kwa imani ya kweli na yenye msingi, ingawa ni ya makosa, anahukumiwa kana kwamba mambo yalikuwa kama alivyoamini.

Kwa hiyo mahakama ingemuuliza mwenzangu maswali matatu. Je, uliamini kwa dhati kuwa ni majambazi? Je, imani hiyo ilikuwa na msingi? Je, nguvu uliyotumia ililingana na hatari? Wizi wa wiki ile na ukimya wa askari tulipowauliza vingemsaidia. Maneno yake ya "wa kwanza kuingia namkata" yangemwangamiza. Na kama angejua kuwa ni askari walio kazini kihalali, mlango huu wa kujitetea ungefungwa kabisa.

Yaliyotokea Louisville

Kuna kesi moja ya Marekani inayoonyesha vizuri jambo hili. Tarehe 13 Machi 2020, baada ya saa sita usiku, polisi wa mji wa Louisville, jimbo la Kentucky, walivunja mlango wa Breonna Taylor wakiwa na hati ya upekuzi. Polisi walisema walijitangaza. Mwenzake, Kenneth Walker, alisema waliuliza ni nani na hawakujibiwa. Walker alikuwa na bastola anayoimiliki kihalali. Akidhani ni wavamizi, alifyatua risasi moja, ikampata askari mguuni. Askari wakajibu kwa risasi 32. Breonna, mwenye umri wa miaka 26, akafa. Walker alipopiga simu ya dharura, alisema kuna mtu amevunja mlango na kumpiga risasi mpenzi wake. Mpaka dakika ile hakujua kuwa ni polisi.

Alishtakiwa kwa kujaribu kuua. Mashtaka yakaondolewa Mei 2020, na mwaka 2021 yakafutwa moja kwa moja. Mji ulikubali kuilipa familia dola milioni 12, na ukapiga marufuku hati za kuingia bila kubisha hodi. Kisheria Walker alinusurika. Lakini hakuna kati ya hayo kilichomrudisha Breonna.

Hilo ndilo jibu nililompelekea mwenzangu. Huenda ungeachiwa huru. Lakini mahakama ingekaa baada ya miezi mingi, na wenzake yule askari walikuwa na bunduki pale pale mlangoni. Sisi wengine watatu tulikuwa nyuma yako.

Tufanye nini mlango ukigongwa usiku

1. Usifungue kwanza, wala usinyamaze. Washa taa ya nje, simama pembeni ya mlango, uliza majina, kituo na kusudi lao. Sema wazi kwamba utafungua wakijitambulisha.

2. Piga simu 999 au 112 uulize kama kuna askari waliotumwa. Mpigie mwenyekiti wa LC1 na jirani. Namba hizo ziandikwe ukutani leo, maana usiku wa hofu mikono hutetemeka.

3. Omba kuona kitambulisho, na hati kama wanayo, dirishani au kupitia upenyo wa geti. Kumbuka kuwa sare si uthibitisho, na nguo za kiraia pekee si ushahidi wa ujambazi.

4. Wakithibitika ni askari, fungua, mikono ionekane, usishike kitu chochote. Kama unaona wamekosea, sema kwa adabu, kisha andika majina na saa. Dada zetu wafahamu kwamba sheria inataka mwanamke apekuliwe na mwanamke mwenzake, kwa kuchunga staha.

5. Wakikuchukua kwa dhulma, usipigane. Katiba inampa aliyekamatwa kinyume cha sheria haki ya fidia, na sheria ya mwaka 2019 ya utekelezaji wa haki za binadamu inambana ofisa mwenyewe kibinafsi. Mwenzako abaki nyuma ajue umepelekwa wapi.

6. Wakikataa kujitambulisha na kuvunja mlango, piga kelele mtaa wote usikie, jifungieni chumba cha ndani. Kompyuta hununuliwa tena. Nguvu iwe ya mwisho, pale roho inapokuwa hatarini na njia nyingine zimekwisha, tena kwa kadiri ya kuzuia tu.

Najua wapo watakaosema kwamba haya ni kumbebesha mwenye nyumba mzigo wa askari. Ni kweli kwamba kosa la kwanza usiku ule lilikuwa la waliogonga bila kujitambulisha, na hilo tulilipeleka kwa maandishi kupitia kwa mzee wa LC1. Baadhi yetu tutakuwa mawakili, mahakimu, na wengine maofisa wa polisi. Siku hiyo ikifika, tukumbuke mlango wa Jabir, tujitambulishe.

Panga la nyumbani kwetu bado liko jikoni, tunakatia nyama. Kwenye ukuta wa sebuleni tumebandika karatasi yenye namba tano za simu.

Maswali ya kujadiliana katika halaqa

1. Kwa nini Mtume (s.a.w.) hakuridhika na jibu la Jabir, na linatufundisha nini juu ya mwenye mamlaka?

2. Linganisha kanuni ya Imam Nawawi ya kuanza na jepesi na sharti la "nguvu ya kiasi" katika Kanuni ya Adhabu. Zinakutana wapi?

3. Nyumbani kwenu au hosteli yenu, nani atapigiwa simu wa kwanza?

Wabillahi tawfiq.