Ukienda kwa Bibi, Simu Iache Ikichaji

Mtoto wa Kiarusha akimsalimia mkubwa huinamisha kichwa, naye mkubwa humwekea mkono utosini. Desemba iliyopita nilikuwa Ng'iresi, kwenye miteremko ya Meru juu ya mji wa Arusha. Binti wa miaka kama sita alinijia, akainama, akasubiri. Mkono wangu wa kulia ulikuwa unajibu meseji ya kamati ya harusi. Akainua macho kidogo kuona kulikoni, akainama tena. Nilimgusa hatimaye, lakini bibi alikuwa ameshaona.

Tangu siku hiyo nina utaratibu wangu wa kwenda kwa bibi, na unaanzia kwenye hela. Kabla ya M-Pesa kuingia Tanzania mwaka 2008, hela ya bibi ilihitaji miguu. Aliyekuwa anapanda mlimani ndiye aliyeipeleka, akakaribishwa chai, akarudi na habari za ng'ombe na za goti linalouma. Siku hizi namba ya siri inatosha, na goti hakuna anayelijua. Sisemi turudi kwenye bahasha: bibi akiugua usiku, tuma hapohapo, na ya kutolea uiongeze. Ila hela ya matumizi ya kila mwezi igawe. Nusu ipite kwenye simu, nusu inunue sukari, majani ya chai na mafuta pale soko la Kilombero, uvibebe mwenyewe. Mwenye kilo tano za sukari kwenye kochi lake hana pa kukwepea.

Siku moja kabla, piga simu useme utafika saa ngapi, asije akaenda shambani. Akianza habari ya mgogoro wa mpaka, mkatishe kwa adabu, ukimwita koko, yaani bibi: "Hiyo nataka nikae niisikie vizuri, koko." Habari zikiishia simuni, mkionana mtabaki kutazama runinga.

Ukifika, salimia wote kwa mikono mitupu, watoto wasirukwe. Halafu uliza pa kuchaji. Hii ndiyo mbinu ninayoipenda kuliko zote, maana haimwaibishi mtu: simu inalala chumba kingine kwa sababu ya chaji, basi. Kuwakemea vijana mbele ya bibi hakusaidii, watazishusha chini ya meza na kuendelea. Wakiona ya kwako haipo, mmoja wao ataona haya. Wengine hawataona, nao waache.

Baada ya chakula ichukue simu yako. Kaa ubavuni mwa bibi, mwonyeshe picha za vitukuu walioko Dar es Salaam, na simu aishike yeye. Usimtelezeshee. Picha moja itachukua dakika kumi: huyu nyuma ni nani, mbona amekonda, hilo gauni nani kamshonea? Mpigieni huyo aliyekonda hapohapo, kwa video, ajieleze mwenyewe.

Kosa la mwisho wengi hulifanya wakati wa kuaga, kwa kumwita boda aje hadi mlangoni. Mwambie asubiri kule barabarani. Bibi atataka kukusindikiza, na lile jambo lililomkalia moyoni kutwa nzima halisemi sebuleni mbele ya watu. Hulisema njiani, migombani, akiwa amekushika mkono kwa sababu ya utelezi.